Kutoka Ruga-ruga hadi Mlele: Historia ya Mazoezi ya Mikono Mitupu Mkoani Katavi

Mapambano ya mikono mitupu hutokea pale bunduki isipoweza kuinuliwa na rungu likakosa nafasi ya kuzungushwa, watu wawili wakiwa wamekaribiana kiasi cha kushikana mashati. Mazoezi yake hulenga mambo mawili: pigo fupi la kumvunja nguvu mshambuliaji, na mbinu ya kumwangusha na kumdhibiti papo hapo. Katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Katavi, sanaa hii imepita mikononi mwa watu wa namna nyingi: wapiganaji wa karne ya 19, askari wa ngome ya Karema, wanajeshi wa King's African Rifles, vijana wa JKT, mgambo wa vijijini na, katika miaka ya karibuni, askari wa Jeshi la Uhifadhi wanaofundishwa Mlele. Mbinu zenyewe hazikubadilika sana, maana mwili wa binadamu ni ule ule. Kilichobadilika ni shabaha. Zamani mtu alifunzwa kummaliza adui. Sasa anafunzwa kumkamata akiwa mzima na kumfikisha kituoni.

Badiliko hilo halieleweki bila kuitazama ardhi. Katavi ina zaidi ya kilomita za mraba 45,000, nyingi zikiwa misitu ya miombo, mbuga zinazofurika masika, mapori ya akiba na hifadhi ya taifa. Sensa ya mwaka 2012, ule ule mkoa ulipozinduliwa baada ya kumegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi hiyo imeongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi, na miongoni mwa walioongezeka wamo wakulima, wafugaji na wachimbaji wadogo wanaotafuta ardhi, malisho na dhahabu. Kituo cha polisi mara nyingi kiko mbali. Anayefika kwanza kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, wizi wa ng'ombe au kambi ya majangili ni mgambo mwenye rungu, au askari wa doria aliyetembea porini tangu alfajiri. Hana gari nyuma yake, hana umati wa wenzake, na mara nyingi hana hata nafasi ya kurudi nyuma hatua tatu.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nchi hii ilikuwa njia ya misafara na uwanja wa vita. Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na majirani zao Wafipa waliishi kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika, na biashara ya pembe na watumwa ilipita katikati yao. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akikwepa vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, alizunguka kusini kupitia Ukonongo kabla ya kufika Ujiji. Mirambo wa Urambo na Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, ambao wote walifariki mwaka 1884, walijenga nguvu zao juu ya ruga-ruga, vijana waliong'olewa makwao na vita na njaa ambao walikuwa hawana mke wala shamba la kurudia. Hawa hawakuwa na uwanja wa gwaride. Walijifunza kazi kwa kuifanya, wakivamia vijiji kabla ya jua kuchomoza, wakati watu wamelala na boma halijafunguliwa.

Silaha zao ndizo zilizowalazimisha kupigana kwa karibu. Gobori hupakiwa baruti na risasi kupitia mdomoni, na mwenye kulipakia tena huhitaji muda ambao adui hampi. Baada ya mlio wa kwanza, mapambano yaligeuka kuwa ya mkuki, rungu, kisu na mikono. Miti ya miombo na kuta za boma ziliwafinya watu pamoja. Kijana aliyekulia kwenye uwindaji, kwenye kuchunga na kwenye mieleka ya utotoni ndiye aliyekuwa na nafasi ya kupona.

Mwezi Juni 1880 vita hivyo viliwafikia Wazungu wawili huko Mpimbwe. Frederick Carter alikuwa ameongoza msafara wa tembo wa kufugwa kutoka India, uliogharimiwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ili kujaribu kama tembo wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Tembo wanne walishushwa Msasani mwaka 1879, na mmoja tu, aitwaye Pulmalla, ndiye aliyefika Karema mwezi Desemba mwaka huo. Carter na mwenzake Tom Cadenhead walikuwa Mpimbwe wapiganaji wa Mirambo na mshirika wake Simba walipokivamia kijiji walimokuwamo. Wote wawili waliuawa. Bunduki zao zilikuwa bora kuliko magobori ya wavamizi, lakini zilizidiwa na wingi wa watu waliowazingira.

Karema kwenyewe, kwenye ufuko wa ziwa, Kapteni Ernest Cambier alikuwa ameanzisha kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika mwaka 1879. Hapo ndipo mazoezi ya kijeshi ya Kizungu, yenye amri, mstari na saa, yalipoingia kwa mara ya kwanza katika eneo hili. Askari wengi wa kituo walikuwa waungwana waliokodiwa Zanzibar na pwani, na walifundishwa kulinda ukuta na kulenga shabaha. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, na ngome ikawa misheni. Karema inakumbukwa zaidi kwa tiba ya Adrien Atiman, mtumwa aliyekombolewa kutoka Afrika Magharibi, aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuwahudumia wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1956. Ni haki yake kutajwa hata katika historia ya mapigano, kwa sababu watu walioumizana waliletwa kwake.

Utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza uliwanyang'anya watemi haki ya kuwa na wapiganaji. Nguvu halali ikawa ya serikali pekee, mikononi mwa askari wa boma na matarishi wa watemi. Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa malale ulitumika kama sababu ya kuwakusanya watu wa Ukonongo na maeneo jirani katika makazi machache, na nchi kubwa ikaachwa bila watu. Ndivyo mapori ya leo yalivyopata upana wake. Mwaka 1950 reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ilifika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, uliokuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini mji ulibaki, na reli ikaendelea kuleta watu.

Wakati huohuo, mbali sana na Mpanda, mafunzo ya mikono mitupu yalikuwa yanapata umbo yalilonalo mpaka sasa. Yana mizizi miwili. Mzizi wa kwanza ni Japani, ambako Jigoro Kano alianzisha shule ya Kodokan mwaka 1882 na kuunda judo kutokana na mapigano ya zamani ya jujutsu. Hekima ya Kano ilikuwa kuondoa mapigo ya kuvunja na kuua kwenye mazoezi huru, akabakiza kurusha, kubana na kukaba. Kwa kufanya hivyo, wanafunzi wake waliweza kushindana kwa nguvu zote kila siku bila kuumizana. Aliyezoea pigo la kutisha ambalo hawezi kamwe kulipima kwa mwenzake alikuwa anajua nadharia. Aliyezoea kumwangusha mwenzake asiyetaka kuanguka, mara mia kwa mwezi, alikuwa anajua kazi.

Mzizi wa pili ni Shanghai. William Fairbairn, Mwingereza aliyejiunga na polisi wa mji huo mwaka 1907, alipata mkanda mweusi wa judo, akakusanya uzoefu wa vurugu za mitaa ya bandari, na mwaka 1926 akaandika kitabu kuhusu mtindo wake alioupa jina la Defendu. Mwaka 1940 alirudi Uingereza pamoja na mwenzake Eric Sykes kuwafundisha makomandoo. Mafunzo yake yalikuwa machache kwa makusudi: kitako cha kiganja kikipanda chini ya kidevu, ukingo wa kiganja shingoni, goti kwenye kinena, kisigino juu ya unyayo. Aliamini kwamba mtu mwenye hofu husahau mbinu nzuri na kukumbuka zile rahisi tu. Alikuwa sahihi, na majeshi mengi duniani yamejenga mitaala yao juu ya wazo hilo. Lakini mbinu zake zilikuwa za vita. Aliyezipokea hakutarajiwa kuandika maelezo ya ukamataji wala kusimama kizimbani kama shahidi.

Askari wa King's African Rifles kutoka Tanganyika walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma katika Vita Kuu ya Pili. Singe na mapambano ya karibu yalikuwa sehemu ya mafunzo ya askari wa miguu katika jeshi lote la Kiingereza. Batalioni ya 6 ilipata sifa kwenye mapigano ya Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, na jina hilo likapewa kambi ya Dar es Salaam. Katika kambi hiyohiyo ya Colito, tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na wenzao wa Tabora wakafuata. Jeshi hilo, lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Kwa watu wa Mpanda, chombo kilichogusa maisha ya vijijini hakikuwa JWTZ lenyewe bali vile vilivyolizunguka. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 sheria iliwalazimisha wahitimu wa vyuo na sekondari kulipitia, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Kupitia JKT, vijana wengi wa wilaya wasiokuwa askari walionja mchakamchaka wa alfajiri, kwata na mafunzo ya kujilinda. Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda na miezi michache baada ya uvamizi wa Wareno nchini Guinea. Mwongozo ulitaka wananchi wenyewe wawe ngao ya nchi, na mafunzo ya mgambo yakaenea wilaya kwa wilaya. Sheria ya mwaka 1973 iliweka msingi wa mgambo, na ya mwaka 1975 ikawapa mamlaka ya kukamata watu.

Sheria hiyo ya 1975 ina uzito ambao wanahistoria wa ulinzi wameupitia haraka mno. Kabla yake, mgambo alikuwa akiba ya vita. Baada yake alikuwa pia mkono wa sheria kijijini, anayemkamata jirani yake. Mafunzo yaliyotungwa kwa ajili ya Mreno au jeshi la Amin yakaanza kutumiwa kwa mlevi wa kilabuni, mdaiwa wa kodi na mwizi wa mbuzi. Wakati wa kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, kati ya 1973 na 1976, mgambo walitumiwa katika sehemu mbalimbali za nchi kuwaondoa watu kwenye makazi yao, na nguvu iliyotumika ilipita kiasi mara nyingi. Ujuzi wa kumpiga mtu ulikuwapo. Ujuzi wa kumkamata bila kumuumiza ulikuwa bado haujapewa nafasi.

Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 viliwapeleka makumi ya maelfu ya mgambo mstari wa mbele, na waliorudi walileta uzoefu wa vita vya kweli. Mpanda, iliyokuwa imehamishwa kutoka mkoa wa Tabora kwenda mkoa mpya wa Rukwa mwaka 1974, ilikuwa wakati huo pia nyumbani kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, na wakazi wake waligeuza pori kuwa mashamba. Wengi wao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Kutoka kaskazini yalikuja mafunzo mengine, yasiyo na mkufunzi wa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye mpaka wa Kahama na Nzega, wanavijiji wa Kisukuma na Kinyamwezi waliunda sungusungu kupambana na wezi wa mifugo. Silaha yao ilikuwa upinde, na nguvu yao ilikuwa mwano, yowe linaloitoa kaya nzima nje na kupokewa na kaya inayofuata. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Bonde la Rukwa na Mpimbwe tangu miaka ya 1970 walikuja na mila zao za kulinda mifugo. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili vikundi hivyo vipate uhalali, na Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1990, alivihimiza hadi mijini. Sungusungu walijua kumzingira mtu kuliko kumshika. Watu ishirini wakimzunguka mmoja, hakuna anayehitaji ustadi, na hapo ndipo hatari ilipokaa, kwa sababu kundi lisilo na ustadi hupiga.

Jijini Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha karate ya Goju-ryu katika shule ya Zanaki, na kutoka kwake mtindo huo ukasambaa nchini. Goju-ryu, iliyoundwa na Chojun Miyagi huko Naha, Okinawa, ni karate ya umbali mfupi. Wanafunzi wake husimama mikono ikigusana, kila mmoja akisukuma na kusikiliza nguvu ya mwenzake kwa ngozi, hadi mmoja apoteze mizani. Judo nayo iliota mizizi Zanzibar katika miaka ya 1990 kupitia Mjapani Tsuyoshi Shimaoka. Kwa njia hizo, pamoja na mafunzo ya jeshi na polisi na filamu za kung fu zilizojaza kumbi za sinema, neno kareti limekuwa jina la mapambano yote ya mikono mitupu katika lugha ya kambini, hata pale kinachofundishwa ni judo au mbinu za Fairbairn.

Mafunzo ya awali ya Jeshi la Akiba, kama mgambo wanavyoitwa rasmi siku hizi, huchukua takribani miezi minne chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye ni ofisa wa JWTZ. Kuruti hufundishwa kwata, silaha, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, mbinu za kivita, huduma ya kwanza, kuzima moto, sheria za mgambo na kujilinda bila silaha. Siku ya kufunga mafunzo, mbele ya mkuu wa wilaya, wahitimu huonyesha singe na mateke, na wananchi hupiga makofi. Onyesho hilo lina faida yake. Lakini sehemu iliyo bora ya mafunzo haionekani siku hiyo, kwa kuwa haina mvuto wa kutazamwa.

Sehemu hiyo huanza na kuanguka. Kabla ya kufundishwa kumwangusha mtu, mwanafunzi anapaswa kujua kuanguka mwenyewe: kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, mkono mzima ukipiga ardhi ili kutawanya kishindo, mgongo ukiwa wa duara. Huanzia akiwa amechuchumaa, kisha amesimama, kisha akirushwa na mwenzake. Uwanja wa mchanga au nyasi unatosha. Anayeogopa kuanguka hukakamaa anaposhikwa, na aliyekakamaa ni rahisi kuvunjika mkono.

Baada ya hapo huja msimamo. Miguu hupanuliwa kiasi cha mabega, magoti hulegezwa, viganja huwa wazi mbele ya kifua kama vya mtu anayeomba utulivu. Msimamo huo una maana mbili kwa pamoja: unamlinda askari, na hauongezi hasira ya anayekabiliwa. Kutoka hapo hufundishwa mapigo mafupi. Kitako cha kiganja hupendelewa kuliko ngumi kwa sababu vidole vya ngumi huvunjika vinapokutana na mfupa wa kichwa, na askari mwenye mkono uliovimba hawezi tena kufunga pingu. Kiwiko hutumika watu wakiwa wamegusana kifua kwa kifua, na goti hulenga paja, mahali penye msuli mkubwa panapolegeza mguu bila kuua. Kila pigo hurudiwa hewani kwa hesabu, kisha kwenye mfuko wa mchanga au ngao ya godoro, kisha na mwenzake anayesogea na kusukuma. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoleta ujuzi. Pigo linalopigwa kwa hesabu ya mkufunzi, dhidi ya mtu aliyesimama akingoja, hujenga mkono tu. Jicho na uamuzi hujengwa na mwenzake anayepinga.

Kujinasua hufuata: kushikwa shati, kukabwa koo kwa mbele, kupigwa kabali kutoka nyuma, kung'ang'aniwa rungu au bunduki. Katika kabali, kanuni ya kwanza ni kushusha kidevu na kuuvuta chini mkono unaokaba kabla ya jambo jingine lolote, maana mtu aliyekosa damu ya kichwani huzimia ndani ya sekunde chache. Kwa askari mwenye bunduki, zoezi la kuilinda isiporwe lina uzito kuliko yote mengine, kwa kuwa katika mapambano ya karibu silaha ni ya yeyote anayeishinda.

Kuangusha ndiko kitovu cha mafunzo. Kupiga mtama, yaani kuuondoa mguu wenye uzito huku kifua kikisukumwa upande wa pili, ndiyo mbinu ya kwanza kwa sababu watoto wa Kitanzania huijua tangu wakicheza. Mkufunzi huongeza tu mambo matatu: kumvuta mtu kwanza ili uzito uhamie kwenye mguu mmoja, kuingia karibu, na kuushikilia mkono wake anapoanguka ili asigonge kichwa. Hufuata kurusha kwa nyonga na kumbeba miguu yote miwili. Mbinu hizi hutegemea mizani na pembe ya mwili zaidi ya misuli, ndiyo maana askari wa kike mwenye umbo dogo huweza kumlaza mwanaume mzito kuliko yeye. Tanganyika jeki, ile ya kumkamata mtu kiuno cha suruali na kumnyanyua, imetumika vituoni na mitaani kwa miongo mingi. Inamwaibisha mtu bila kumdhibiti, kwani mikono yake inabaki huru, na haistahili kufundishwa.

Mtu akishalala, kazi iliyobaki ni ya dhamana kubwa. Hugeuzwa kifudifudi, mkono mmoja ukikunjwa nyuma, goti la askari likiegemea bega, pingu zikafungwa, kisha mara moja akalazwa ubavu au kuketishwa. Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd alifariki mjini Minneapolis baada ya polisi kumkandamiza shingo kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa, akiwa tayari amefungwa pingu. Kifo hicho kililazimisha idara nyingi za polisi duniani kupitia upya mafunzo ya kudhibiti, na kabali ikapigwa marufuku katika nyingi. Funzo lake lina nguvu Katavi kuliko mjini, kwa sababu porini hakuna kamera wala gari la wagonjwa.

Nchini Tanzania somo hilo lilikuwa limekuja mapema, na kwa uchungu. Operesheni Tokomeza, iliyoanza Oktoba 2013 kupambana na ujangili wa tembo, ilisitishwa baada ya wiki chache kutokana na taarifa za mateso, vifo na uporaji wa mali za wananchi. Kamati ya Bunge ilichunguza, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne waliondoka madarakani. Tembo walikuwa wanauawa kwa kasi ya kutisha, na vita dhidi ya majangili vilikuwa vya haki. Lakini watu waliopewa jukumu la kukamata walitenda kama watu waliotumwa vitani.

Mageuzi yaliyofuata yaliifanya Katavi kuwa shule. Mashirika ya uhifadhi, yaani TANAPA, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, TAWA na TFS, yaliingizwa katika mfumo wa jeshi usu wenye vyeo, nidhamu na amri moja, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yakaunda Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu. Watumishi waliozoea ofisi na wale wa doria walilazimika kupitia mafunzo ya kijeshi, na kituo cha Mlele kikawa miongoni mwa vituo vikuu vya kuwapokea. Hawa si askari wa vita. Adui wao wa kila siku ni mtu mwenye shoka la kukata mninga, mchungaji mwenye fimbo aliyeingiza ng'ombe hifadhini, au mwindaji mwenye gobori linalofanana na lile la ruga-ruga. Wengi wa hao ni raia maskini wa vijiji jirani, na kesho yake askari atawakuta sokoni.

Sheria inajua hivyo. Kanuni ya Adhabu inampa kila mtu haki ya kujilinda na kumlinda mwingine kwa nguvu inayolingana na hatari, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inakataza kumbana mkamatwa zaidi ya inavyohitajika kumzuia asitoroke. Masharti hayo mawili hufundishwa darasani kwa maneno. Yanaweza kutimizwa uwanjani tu, na mwili uliozoezwa, kwa kuwa askari asiyejiamini kwa mikono yake hukimbilia rungu, na mwenye bunduki hukimbilia kifyatulio.

Kasoro iliyobaki ni ya muda. Ujuzi wa kuangusha na kubana hufifia miezi michache tu baada ya mazoezi kukoma, na mgambo aliyehitimu anaweza kukaa miaka bila kuitwa tena uwanjani. Halmashauri za Katavi zinawatumia vijana hawa kulinda minada, mageti ya ushuru na ofisi za vijiji. Zinapaswa kuwalipia pia siku za mazoezi ya kujikumbusha, angalau kila robo ya mwaka, chini ya mshauri wa mgambo na kwa kushirikiana na wakufunzi wa Mlele, ambao wako ndani ya mkoa huohuo.